Victor Mkello na kipande cha siku 30

Ninafundisha wawakilishi wa wafanyakazi hapa Tanga, na darasa langu huanza kwa kipande. Ni kadi ya kazi ya shamba la mkonge, iliyochakaa, imeshageuka rangi ya chai, ina vyumba 30. Nilipewa na mzee mmoja wa Muheza. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuja mkonge kama manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka mbali. Enzi hizo, ukimaliza kazi ya siku, chumba kimoja kinatiwa alama. Usipoimaliza, hakitiwi, hata kama umeshinda juani. Una siku 42 za kuvijaza vyote, ndipo ulipwe. Kwenye kadi hii vyumba viwili vimekatwa kwa wino mwekundu. Mzee anasema baba yake aliutaja wino ule mpaka anakufa.

Nikishaizungusha darasani, ndipo namtaja Mkello. Kawawa wanamjua wote, katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, mwaka 1955. Mkello wengi hawajapata hata kumsikia, na hilo linaniuma, maana aliongoza chama cha wafanyakazi wa mashamba, kikubwa kuliko vyote nchini, wakati mkonge ndio uliokuwa ukiiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Wakataji wakigoma, korona, mashine ya kutoa nyuzi, inakosa majani. Korona ikisimama, yaliyokwisha katwa yanakauka. Waliogoma kwenye shamba la mkonge la Mazinde mwaka 1958 walilijua hilo vizuri.

Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, zilipitishwa sheria zilizobana mno migomo. Mkello, sasa rais wa TFL, alishikilia kwamba chama cha wafanyakazi kisiwe chini ya serikali. Januari 1963, kukiwa na migomo mashambani, yeye na mwenzake Shehe Amiri walipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Sumbawanga! Toka pwani hadi mpaka wa pili wa nchi. Naelewa hofu ya serikali changa, lakini kwa hili naona ilikosea. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima, na katibu mkuu wake akawa Michael Kamaliza, huku akiwa bado Waziri wa Kazi. Mkata mkonge mwenye malalamiko juu ya serikali angeyapeleka kwa nani?

Wiki ijayo tunaingia kwenye mkataba wa hali bora, ule wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri. Nimewaagiza kila mmoja aje na hati yake ya mshahara, atuonyeshe kila makato yametoka wapi na nani aliyaidhinisha.