Kipupwe Tanga: maswali kuhusu baridi, jiko la mkaa na watoto

Tanga ni pwani. Kweli kuna haja ya kuiandaa nyumba kwa baridi?

Kwa mtu mzima mwenye afya, haja ni ndogo. Usiku wa Julai, kusi linapovuma, hapa mjini joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, na mtu wa Lushoto akisikia tunaita hiyo baridi atatucheka. Lakini nyumba zetu zimejengwa ili zipitishe upepo: matofali ya matundu, madirisha ya nyavu, uwazi kati ya ukuta na bati. Ikinyesha usiku, aliyelala sakafuni ataisikia baridi. Wa kuangaliwa ni mtoto mchanga, mzee, mwenye pumu na mwenye selimundu (sikoseli). Tena wapo wanaopanda Lushoto kwenye msiba na kanga mbili begani. Kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Beba sweta na blanketi.

Shikamoo daktari. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, lakini tunasubiri kwanza mkaa ukolee na moshi uishe. Mama mkwe anasema tuweke na sufuria ya maji juu, itameza sumu. Ni sawa?

Marahaba. Si sawa, na katika yote ya msimu huu hili ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu baridi ya Tanga ni nadra kuua mtu mzima, ila jiko chumbani linaweza kuua nyumba nzima kwa usiku mmoja.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Kuisha kwa moshi hakuna maana kwamba gesi imeisha. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, bado unaitoa. Hata makaa yaliyofukiwa kwa majivu ili yafike asubuhi yanaendelea kuitoa taratibu. Maji ya sufuria hayaimezi. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu huku ubongo unakosa hewa.

Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliye macho anaweza kutoka. Aliyelala hageuki tena. Mjamzito yuko hatarini zaidi, kwani mtoto tumboni huathirika hata mama akijiona ana nafuu.

Ukikuta watu wamelegea chumbani kwenye jiko, fungua mlango na madirisha, watoe nje, kisha uwapeleke hospitali wakapewe oksijeni, hata wakisema wamepata nafuu. Usiwape maziwa; hayaondoi gesi hiyo.

Sasa chumba kipate joto vipi?

Tandika jamvi au mkeka mzito chini ya godoro, maana sakafu ya saruji ndiyo inayonyonya joto la mwili. Sogeza kitanda mbali na dirisha, weka pazia zito upande wa kusi, na usianike nguo mbichi chumbani. Nguo mbili nyepesi hutunza joto kuliko moja nzito. Usizibe matundu yote. Watu sita chumba kimoja bila hewa wataambukizana mafua kabla ya Ijumaa. Chandarua kibaki palepale.

Mtoto wangu ana wiki mbili. Nitajuaje kama amepata baridi?

Mguse tumbo na nyayo. Nyayo za baridi na tumbo la joto: mvalishe kofia na soksi, umweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yenu. Tumbo nalo likiwa la baridi, mweke hivyohivyo na uondoke kwenda kituo cha afya. Kuoga ni mchana, kwa maji ya uvuguvugu; aliyezaliwa leo asubiri saa 24. Usimpake dawa za kuchua zenye kafuri.

Mtoto anatetemeka na ana homa. Ni baridi tu?

Hapa pwani, homa na kutetemeka ni malaria mpaka kipimo kiseme sivyo. Akapimwe leo. Akiwa anakohoa, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mwenye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

Binti yangu ana selimundu na kila kipupwe huugua.

Baridi hubana mishipa midogo ya damu, na maumivu huanzia hapo. Asioge maji ya baridi alfajiri, na akinyeshewa abadilishwe nguo palepale. Jambo linalosahaulika ni maji: kukiwa na baridi watoto hawasikii kiu, na mwili mkavu nao huleta maumivu. Mpe maji au uji mwepesi mara kwa mara, hata asipoomba. Akipata homa, kifua kikibana, au maumivu yakikataa dawa aliyoandikiwa, mpeleke hospitali ya Bombo usiku huohuo.