Uzi wa marinda: yasemwayo barazani na ulivyo hasa

Ukichakura mitumba ya soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kwa subira, ipo siku mkono utaibuka na skafu iliyojaa marinda toka juu hadi chini, kama gauni la ubatizo. Kila anayeiona husema hiyo ni kazi ya mashine. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka mama mdogo alipoletewa donge la uzi wenyewe unaofumiwa skafu hizo kwa mkono, tukaketi nalo kibarazani hapa Kirumba, tukilitazama kama mgeni asiyesema kaja kwa nani.

"Marinda yanafumwa moja moja." Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojitesa bure. Huu si uzi wa mviringo. Ni utepe bapa wa wavu, uliojikunja ndani ya donge hata ukaonekana kama kamba nene. Ufunue kwa vidole uone: macho matupu. Sindano haiushiki wote, inashika macho ya ukingo mmoja tu. Ukingo wa pili, ambao mara nyingi una uzi wa kumetameta, unaachwa uning'inie.

Aliyetufumbua macho wala si fundi wa masweta. Ni jirani yetu, mzee anayetengeneza nyavu za makila, zile za kunasia samaki, kule mwaloni. Aliushika utepe akacheka: "Wanangu, hii si nyavu tu?" Akatueleza kwamba wavu haufungwi kwenye kamba ya maboya ukiwa umenyooka. Wavu ambao ukinyooshwa unafika mita 100 unaweza kupachikwa kwenye kamba ya mita 50 hivi, ili ukiwa majini ulegee na kumzonga samaki. Sasa fikiria mishono yako ndiyo hiyo kamba. Ukingo wa juu umebanwa, sehemu iliyobaki haina pa kwenda ila kujikunja. Rinda limezaliwa na wewe hujafanya lolote.

"Ni kazi ya waliobobea." Jamani, mishono sita inatosha skafu! Kunja kidogo ncha ya utepe isichambuke, kisha tunga macho sita ya ukingo kwenye sindano, kama unavyotunga sato kwenye ugwe. Geuza. Ingiza sindano ya pili kwenye mshono wa kwanza, lakini usizungushe uzi ulivyozoea: chota jicho linalofuata la ukingo kwa ncha ya sindano, livute lipite ndani ya mshono, achia ule wa zamani. Mstari wote hivyo, na unaofuata hivyo hivyo, ufumaji ule ule anaoanza nao kila mtu. Marinda yataangukia upande huu, mstari ujao upande wa pili.

Mama mdogo, aliyefuma masweta miaka nenda rudi, ndiye aliyekosea zaidi, maana mkono wake uling'ang'ania kuuzungusha utepe mzima. Mimi ambaye hata kofia ya kichanga haijawahi kunikamilikia, nilimaliza kwanza. (Sijaacha kumkumbusha.)

Kinachosumbua kweli ni utepe kujisokota. Ukijisahau ukashika ukingo wa chini, marinda yanavurugika na utafumua. Sisi tulikuwa tunaukunjua mita moja mbele na kuubana kwenye mkeka kwa vibanio vya nguo.

Kuna wanaosema utepe ni mpana, basi sindano ziwe nene kama mwiko. Upana hauhusiki, kinachopita kwenye sindano ni ukingo tu. Za milimita 5 au 6 zinatosha.

"Donge moja halifiki popote." Hili lina kaukweli. Red Heart Sashay, mojawapo ya nyuzi hizi zinazojulikana zaidi, ina gramu 100 lakini urefu ni kama mita 27 tu, wakati uzi wa kawaida wa sweta kwa uzito huohuo unaweza kufika mita 200. Inashtua. Lakini kwa mishono sita, donge moja ni skafu moja, kwa hiyo usinunue matatu kwa hofu. Ukilazimika kuunga, usipige fundo. Laza ncha moja juu ya nyingine, uchote macho ya zote mbili pamoja. Mwisho funga mishono na uishone ncha ya utepe kwa uzi wa cherehani wa rangi hiyo hiyo.

Halafu wapo wa "skafu ya nini na joto hili la Mwanza?" Hii ni matundu matupu, upepo wa ziwa unapita utakavyo. Ni pambo, na ukitaka, utashonea pindo la gauni la mtoto badala ya shingo.

Na wanaoiita sufu wanapoteza watu. Nyingi ni akriliki, na akriliki haipatani na pasi ya moto. Skafu ya mama mdogo ina rinda moja lililogandamana likawa gumu kama plastiki. Jumapili akienda kanisani hulifichia kwa ndani.