“Coperto” kwenye bili ya trattoria (mgahawa wa kawaida wa Kiitaliano) si ujanja wa kumlia mgeni

Wengi waliowahi kula Italia wanaamini kwamba mstari ulioandikwa “coperto” kwenye bili ni tozo wanayobambikiwa watalii. Ukweli ni kwamba hata bibi wa mtaani anayekula hapo kila Jumapili huilipa.

Coperto ni malipo ya kukalia meza: kitambaa, sahani, vijiko, na mara nyingi kikapu cha mkate. Huhesabiwa kwa kichwa, kwa kawaida kati ya euro 1 na 3, hata usipougusa mkate. Hapo ndipo mgeni hukasirika, na simlaumu. Kwetu ukikaa mgahawani hulipii kiti.

Wengine huidhani ni bakshishi. Hapana, coperto ni ya mgahawa. “Servizio” nayo ni kitu kingine, asilimia inayoongezwa kwa ajili ya huduma. Ukiiona, huna haja ya kuacha chochote zaidi.

Kuhakiki ni rahisi. Bei ya coperto inapaswa kuonekana kwenye menyu, na trattoria nyingi hubandika menyu nje mlangoni. Tazama chini kabisa, penye maandishi madogo. Zidisha kwa idadi yenu, kisha linganisha na bili. Ikiwa haijaandikwa popote, una haki ya kuuliza. Roma ina mambo yake: sheria ya mkoa wa Lazio ya 2006 ilikataza coperto, hivyo huko utakuta “pane”, yaani mkate, na huo waweza kuukataa kabla hujaumega.