BSR kali haimaanishi haidreti nyingi

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu BSR, yaani mwakisi wa mawimbi ya mtetemo unaoonekana chini ya sakafu ya bahari, na haidreti, yaani kitu kama barafu chenye gesi ndani yake: "BSR inang'aa namna hii, si haidreti ni tele hapo?" Hapana! Swali hili limenichosha, kwa sababu watu wanachora ramani za akiba za nishati juu yake.

Kinachong'aa pale, kwa sehemu kubwa, ni gesi huru iliyonaswa chini ya ukanda wa uthabiti, yaani eneo ambamo haidreti huweza kudumu. Haidreti ikijaa kwenye vinyweleo (matundu madogo) vya mashapo hupandisha kasi ya wimbi-P, yaani wimbi la mgandamizo, taratibu. Gesi huru huiporomosha, ndiyo maana polariti ya BSR (mwelekeo wa wimbi linaloakisiwa, juu au chini) imepinduka ukilinganisha na ya sakafu ya bahari. (Kama haijapinduka, shuku kwanza opali, madini ya silika ambayo nayo huweza kuakisi hivyo.) Na BSR hukata tabaka kwa kuwa inafuata joto na mgandamizo, haijali mpangilio wa mashapo.

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo wengi wanapopotea. Mporomoko ule wa kasi karibu wote hutokea kwenye asilimia chache za mwanzo za gesi. Ukiongeza gesi mara kadhaa baada ya hapo, kasi ya wimbi-P haibadiliki sana. Kwa hiyo ukali wa BSR haupimi vizuri hata gesi yenyewe, seuze haidreti iliyo juu yake.

Anayebisha aangalie Blake Ridge, tuta la chini ya bahari nje ya pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Mwaka 1995, safari ya 164 ya Ocean Drilling Program, mradi wa kimataifa wa kuchimba sakafu ya bahari, ilichimba maeneo 994, 995 na 997. Kwenye 995 na 997 BSR ilikuwa wazi. Kwenye 994 haikuwapo. Dalili za haidreti zilikutwa kote kutatu.

Basi tupime kasi ya wimbi ili kujua kiasi cha haidreti? Ndiyo, lakini hapo nami nina mashaka. Haidreti inayoelea ndani ya maji ya kinyweleo na ile inayogandisha chembe pamoja hazitoi kasi moja, hata kiasi kikiwa kilekile. Ikijaa kwenye nyufa zilizosimama wima, kama ilivyokutwa kwenye bonde la Krishna-Godavari, baharini nje ya India, mwaka 2006, modeli zetu za vinyweleo zinayumba. Halafu kasi ya mashapo yasiyo na haidreti, ambayo hesabu yote inaiegemea, mara nyingi tunaikadiria tu. Ndiyo maana makadirio yangu huwa na masafa mapana, na siyapunguzi hadi kisima kichimbwe.