Maji ya chumvi yanataka mchanga

Wakulima wa Mikindani na Msimbati, pwani ya Mtwara, huniuliza: kisima kimetoa maji ya chumvi, je, bustani ndiyo basi tena? Nami huuliza: udongo wako ni wa namna gani?

Swali hilo nimelipata kwa Hugo Boyko, mwanaikolojia, na mkewe Elisabeth, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1949 walianza kupanda bustani Eilat, kusini mwa Israeli. Pale ni jangwa tupu: mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 50, ardhi ni kokoto na mchanga, na visima vina chumvi. Wakapanda hivyo hivyo, na miti ikashika.

Kilichowaokoa ni ule mchanga. Chumvi huzuia mizizi kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa, kisha hujikusanya majanini mpaka kingo zinaungua. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji hutuama, jua linayakausha, chumvi inabaki juu ikiwa tabaka jeupe, na kila ukimwagilia unaiongeza. Kwenye mchanga maji hushuka upesi pamoja na chumvi yake, hewa ikarudi mizizini. Kwa hiyo ukiwa na maji ya chumvi kwenye mchanga, usibane. Mwaga mengi ili yaisukume chumvi chini. Na sisi tuna kitu ambacho Eilat hawana: mvua zetu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, huja kusafisha iliyobaki.

Ila tusidanganyane, maji ya kisima si ya bahari. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na mimea inayoyavumilia ni michache. Chuo Kikuu cha Arizona kilipanda mmea uitwao Salicornia bigelovii kwa maji ya bahari pwani ya Meksiko, ikatoa mbegu zenye mafuta. Hapa kwetu tunao mchu. Ukienda mikokoni jua likiwa kali, lamba jani lake: utaonja chumvi ambayo mti wenyewe umeitoa. Mkoko wenye mizizi ya magongo haufanyi hivyo; wenyewe huizuia sehemu kubwa mizizini.

Bustanini, anza na mnazi, spinachi au bitiruti. Maharage na vitunguu sahau, vinaungua mapema sana. Kabla ya yote chimba shimo la kina cha goti, mwaga ndoo ya maji, nenda kanywe chai. Ukirudi ukayakuta bado yametuama, hapo maji ya chumvi usiyapeleke kabisa.