Kupima volteji kwa kuhesabu mapigo: LM331 na kapasita ya Ct

Kwa volteji inayobadilika polepole, kama ya sensa ya joto au ya kimo cha maji kwenye tangi lililo mbali, mimi huanza na chipu ya kugeuza volteji kuwa masafa, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde. Ninayoipenda ni LM331, aliyoisanifu Bob Pease akiwa National Semiconductor. Ina pini 8 tu, na volti 5 zinaitosha.

Ndani yake mna kompareta, yaani kilinganishi, inayoangalia volteji ya kuingia na ile ya kapasita ya kuhifadhi chaji (si Ct). Ya kapasita ikishuka chini ya ile ya kuingia, chipu hufungulia mkondo usiobadilika kwa muda usiobadilika, kisha hufunga. Kapasita huanza tena kuvuja kupitia rezista ya RL. Kwa hiyo kila pigo ni kibaba kimoja cha chaji, na vyote vina ujazo sawa. Volteji ya kuingia ikipanda, uvujaji huongezeka na vibaba vinahitajika vingi zaidi kwa sekunde.

Rezista Rt na kapasita Ct huweka muda wa kila pigo, na rezista Rs huweka ukubwa wa mkondo. Ukiweka RL ya kΩ 100, Rt ya kΩ 6.8, Ct ya µF 0.01, na Rs ukairekebisha hadi karibu kΩ 14.2, volti 10 zitakupa kHz 10 (hapo umeme wa kuendesha chipu uzidi volti hizo 10, si volti 5). Hesabu mapigo kwa sekunde moja, unapata hatua 10,000. Pini ya analogi ya Arduino Uno, bodi ndogo ya maikrokontrola, ina hatua 1,024 tu. Isitoshe, kelele ya umeme wa gridi wa Hz 50 inakamilisha mizunguko yake ndani ya sekunde hiyo na kujifuta karibu yote. Ukitaka kuhesabu kwa muda mfupi zaidi, chagua muda unaogawanyika kwa milisekunde 20.

Hatua nyingi si usahihi, lakini. Uhusiano wa volteji na masafa katika sakiti hii rahisi hupinda kutoka mstari ulionyooka kwa takriban asilimia 0.03. Kufika 0.01 au chini yake, ongeza mbele ya chipu opampu (kikuza ishara) iliyofungwa kama integreta, yaani inayojumlisha ishara kadiri muda unavyopita.

Sasa Ct, na hapa naomba usibane matumizi. Masafa hutegemea Ct moja kwa moja: ikibadilika kwa asilimia 1, mapigo 100 kati ya 10,000 yamepotea au yamezidi. Kapasita ya seramiki ya X7R inaruhusiwa kuyumba hadi asilimia 15 kwa joto. Ya C0G huyumba sehemu 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Joto likipanda nyuzi 10, unakosea mapigo 3. Polistirini nayo ni nzuri. Rezista ziwe za metali filamu.

Pini 3, inakotoka mapigo, inahitaji rezista ya kuivuta juu hadi volteji ya umeme, na inaweza kuwasha optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga) bila shida. Waya ukiwa mrefu volteji itapungua njiani, ila idadi ya mapigo haipungui, na hiyo ndiyo unayoisoma.

Kwa milivolti 10 utapata Hz 10 tu, na pigo moja la ziada ni kosa la asilimia 10. Huko chini acha kuhesabu mapigo. Pima muda kati ya pigo na pigo kwa saa ya maikrokontrola.