"Vyuma vimekaza" si kipimo cha mdororo wa uchumi

Kila sisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu tunapotangaza mfumuko wa bei wa mwezi, swali ni lilelile: hiyo asilimia 3 mmeitoa wapi wakati sokoni hakushikiki? Tunalipokea kwa nia njema. Hata hivyo, malalamiko mengi yanatokana na matarajio kuliko takwimu zenyewe.

Mfanyakazi aliyetegemea nyongeza ya mshahara Julai akaikosa atasema uchumi umeanguka, ingawa mshahara wake ni uleule wa Juni. Jirani yake muuza chipsi, aliyekuwa anajiandaa kufunga kibanda, atasema hali si mbaya. Wanaishi mtaa mmoja, wananunua duka la Mangi mmoja. Hakuna mwongo hapo; kila mtu anapima alichopata kwa alichokitarajia.

Mdororo kwa kawaida hutajwa pato la taifa linapopungua kwa robo mwaka mbili mfululizo. Mwaka 2020 pato la Tanzania liliongezeka kwa asilimia 4.8, huku watalii wakishuka kutoka takribani milioni 1.5 hadi 620,000. Mwongoza watalii wa Arusha alikuwa na haki ya kulia. Hakuwa na haki ya kuusemea uchumi mzima.

Na tumeshaeleza mara nyingi: mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazijashuka. Zinapanda, ila kwa kasi ndogo.

Matarajio nayo huja kugeuka bei. Sukari ilipoadimika mapema 2024, mvua zikiwa zimekwamisha viwanda, kilo ilipita Sh 4,000 maeneo mengi. Aliyehofia itapanda zaidi akibeba kilo tano badala ya moja, anaisaidia kupanda.

Takwimu zetu zinategemea majibu yako. Mdadisi, yaani mkusanyaji wetu wa takwimu, akifika kwako, mwombe kitambulisho. Anapaswa pia kuwa amejitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamfunga kwa kiapo cha kutunza siri: taarifa za kaya yako hazipelekwi kwa mtu wala taasisi nyingine, Mamlaka ya Mapato (TRA) ikiwemo. Akizivujisha ametenda kosa. Mhojiwa anayedanganya kwa makusudi, au kukataa kujibu bila sababu ya msingi, naye ametenda kosa.

Atakuuliza ulinunua nini na kwa shilingi ngapi. Jibu hivyo hivyo. Wapo wanaotaja kipato pungufu wakitarajia kuingizwa TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini. Majibu ya dodoso letu hayaendi huko.